Bei ya tofali si bei ya ukuta: bloku, kuchoma, kufungamana au udongo?

Mpwa wangu ana viwanja viwili na mfuko mmoja. Kimoja kiko Kibaha, alinunua mwenyewe kwa kudunduliza. Kingine kiko Mafinga, kwao mume wake, walipewa na mzee. Juzijuzi akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Nataka kuanza, ila kila fundi ananiambia lake. Huyu bloku, huyu za kufungamana, baba mkwe anasema za kuchoma ndiyo zenyewe. Nishike lipi?" Kisha akanisomea bei alizokusanya. Bloku moja ya saruji ilikuwa ghali kuliko yote, la kufungamana (la udongo na saruji kidogo, linaloshikana na wenzake) likafuata, la kuchoma likawa rahisi kabisa. Kwa hesabu yake, la kuchoma limeshashinda.

Nilimjibu kwamba hapo bado hajalinganisha chochote. Bloku moja inaziba nafasi ambayo matofali matano ya kuchoma yataiziba kwa shida, na ukishaipanga bado hujalipa mchanga, fundi wala plasta. Tofali ni kipande tu, tunachonunua ni ukuta. Pia kuna jambo ambalo hakuniambia na ambalo lina uzito kuliko bei zote zile: boma, yaani kuta zikishasimama, litakaa muda gani bila paa?

Mimi si mhandisi. Nimekulia kwenye nyumba ya fito Bagamoyo, nimejenga mbili kwa fedha zangu, na moja nikaikosea. Nitakayosema yachukuliwe kwa kipimo hicho.

Tuhesabu kwa mifuko

Shilingi sitaitaja, maana bei ya leo Kibaha si ya Mafinga, na ya Mafinga si ya mwezi ujao. Nahesabu kwa mifuko ya saruji ya kilo 50. Chukua ukuta wa mita za mraba 100, milango na madirisha yakiwa yameshatolewa. Nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule inakaribia hapo. Msingi, jamvi (sakafu ya zege) na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) nimeviacha pembeni kwa kuwa utavilipia kwa kila aina.

| Ukuta wa mita za mraba 100 | Idadi | Kufyatua | Kujengea | Plasta pande zote | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Bloku ya inchi 6 | 950 | mifuko 32 | 6 | 20 | 58 |
| Kufungamana, bila plasta | 3,300 | 47 | 3 | 0 | 50 |
| Kufungamana, na plasta | 3,300 | 47 | 3 | 20 | 70 |
| Kuchoma, upana wa tofali moja | 4,500 | 0 | 15 | 20 | 35 |
| Fito na udongo | – | 0 | 0 | 0 | 0 |

Ni makadirio ya mtu wa kalamu na karatasi. Nimechukua kwamba mfuko mmoja unatoa bloku 30 na zikakatika chache njiani, kwamba matofali ya kufungamana yanatoka 70 kwa mfuko, na kwamba fundi wako hapigi plasta nene kama mkate. Ukibadilisha kimoja, safu inabadilika. Ila tazama mstari wa kwanza na wa tatu. Watu wanakimbilia matofali ya kufungamana kwa kuwa "yanapunguza gharama", kisha wanayapiga plasta, na saruji inakuwa nyingi kuliko ya jirani aliyejenga kwa bloku. Nafuu yake yote imekaa kwenye plasta ambayo hukuipiga.

Bloku

Bloku ndiyo chaguo la mtu asiyetaka kufikiri sana, na silisemi hilo kwa dharau. Kila fundi anaijua. Ikikatika moja unaipata nyingine barabarani. Urefu inchi 18, kimo inchi 9, unene inchi 5 au 6. Tisa zinakamilisha mita ya mraba, na fundi mmoja na saidia fundi wake wanakupandishia kozi (mistari ya bloku) kadhaa kwa siku.

Sifa yake kubwa haisemwi na wauzaji, labda kwa sababu haipendezi: inavumilia kukaa pagale. Wengi wetu hatujengi nyumba, tunajenga hatua. Mwaka huu msingi, mwakani boma, linta ikifika fedha imekata, na kupaua kunasubiri ada za watoto zipungue. Boma la bloku nzuri linaweza kunyeshewa masika mawili, matatu, majani yakaota sebuleni, na siku ukirudi na mabati unalikuta limesimama. Kozi ya juu utaifanyia marekebisho, basi.

Nimesema bloku nzuri. Mfuko unaotakiwa kutoa 30 kuna wanaoutoa 45, na kwa macho zote ni za kijivu, zote zina kona. Kabla ya kulipa, chukua moja bila kuchagua, ikwaruze kwa msumari. Ikitoa unga kama kashata ya jana, ondoka. Idondoshe kutoka kimo cha kiuno kwenye ardhi ngumu: kukatika vipande viwili si ajabu, kusambaratika ni jibu. Ulizia pia zilimwagiliwa siku ngapi. Bloku iliyofyatuliwa Jumatatu, ikaachwa juani, ikapakiwa kwenye kirikuu Alhamisi, saruji yake haikupata maji ya kushikia, na hata uje kuimwagilia ukutani umechelewa. Angalau siku saba za maji. Nguvu kamili tunaipigia hesabu ya siku 28. Kama una mtu wa kukaa kiwanjani, nunua saruji na mchanga mwenyewe, umlipe mfyatuaji kwa idadi, na uhesabu mifuko mitupu jioni.

Ubaya wake ni joto. Ukuta wa inchi 5 unaopigwa na jua la magharibi chini ya bati lisilo na dari, usiku unakurudishia jua lote ulilodhani limezama. Dar es Salaam tunalijua hilo kwa feni.

Kufungamana

Haya ndiyo mpwa wangu aliyoyapenda, na namwelewa. Yana rangi ya udongo, mistari imenyooka, picha zake zinavutia. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyapigia debe kwa miaka. Saizi iliyozoeleka ni sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Unachanganya udongo wa kufaa na saruji kidogo, unashindilia kwenye mashine ya mkono, tofali linatoka na vichwa na vishimo vya kushikana na wenzake. Wazo la mashine ya kushindilia udongo kwa mkono wa chuma lilisambaa duniani kutoka Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, ambako mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza ile inayoitwa CINVA-Ram. Vichwa vya kufungamana vilikuja baadaye.

Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni. Yanapangwa bila udongo wa saruji katikati, isipokuwa kozi ya kwanza na sehemu chache. Upana wa sentimita 15 za udongo ulioshindiliwa unatuliza joto kuliko bloku yenye uwazi au ile ya inchi 5.

Sasa makosa yangu. Nyumba niliyoikosea iko Morogoro. Nilinunua matofali kwa wauzaji wawili kwa kuwa wa kwanza aliishiwa. Yote "30 kwa 15 kwa 10". Kumbe mashine ya pili ilikuwa imechakaa, tofali lake limezidi kimo kwa milimita mbili hivi. Milimita mbili ni nini? Kwenye bloku ni kitu kidogo, fundi anaifukia kwenye saruji. Kwenye ukuta usio na saruji ya katikati hakuna pa kuificha. Kozi ya kumi ikafika, upande mmoja umepanda sentimita mbili kuliko mwingine, fundi anapiga patasi vichwa vya matofali ili walau yalale. Mwisho tukapiga plasta ndani na nje kuficha aibu, nami nikaingia mstari wa tatu wa lile jedwali kwa miguu yangu.

Kwa hiyo: mashine moja, muuzaji mmoja, na matofali yote yawepo kiwanjani kabla ya kozi ya kwanza. Fundi awe amewahi kuyajenga, si "hayo nayajua tu". Kozi ya kwanza ndiyo yenye nyumba; ikipinda hiyo, hakuna pima maji itakayokuokoa juu. Halafu usiliache boma hili bila paa. Mvua inaingia kwenye matundu kutoka juu, inashuka ndani ya ukuta, na udongo wenye saruji kidogo haukuumbwa kwa maisha hayo. Kama fedha ya kupaua haipo, funika kozi ya juu kwa zege la linta au hata turubai, au subiri.

Tena si kila udongo unakubali. Jaza udongo nusu kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga unalala chini, juu yake tabaka laini, mfinyanzi unamaliza juu. Ukitaka tofali zuri, mchanga uwe mwingi na mfinyanzi uwepo kiasi. Ukiwa mchanga mtupu, tofali linamomonyoka ukilitoa tu mashineni. Ukiwa mfinyanzi mwingi, hasa ule mweusi wa mbugani, linapasuka likikauka. Kipimo cha pili ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4: kijaze udongo uliolowana, ukaushe, upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya sentimita moja na nusu, saruji kidogo inatosha. Kadiri unavyosinyaa zaidi ndivyo saruji inavyoongezeka, na ukipita sentimita sita achana nao au uchanganye na mchanga.

Kuchoma

Baba mkwe wa Mafinga hajakosea, ila amekosea mkoa. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Songea, tofali la kuchoma ndiyo lugha ya ujenzi. Udongo upo bondeni, mto upo karibu, vijana wanajua kufyatua kwa kalibu, yaani fremu ya tofali, na kupanga tanuru tangu wako shule ya msingi. Ukilichukua tofali hilo na kulipeleka Kibaha, unalipa nauli ya udongo.

Tofali lililoiva vizuri ni zuri hasa. Ligonge kwa jingine: linalia kama kikombe cha udongo. Lisiloiva linatoa sauti ya kufa, rangi imepauka, na ukiliweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha asubuhi kona zimelainika. Katika kila tanuru yapo yote mawili, ya katikati yameiva na ya pembeni yamebabuka tu. Muuzaji anakuhesabia pamoja. Nenda na mtu, mchague tanuru likiwa limefunguliwa, mtenge ya kuta za nje na ya ndani.

Saizi nayo ni mtihani. Hakuna kalibu inayofanana na ya jirani. Lile jedwali nimelifanya kwa tofali la inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3. Ukikuta kubwa zaidi, idadi inashuka, na ukiamua kulaza ukuta upana wa matofali mawili, idadi inapanda mara mbili na saruji ya kujengea zaidi ya hapo. Wengi hujengea kwa udongo mtupu na kupiga plasta ya saruji nje. Inasimama, ndiyo. Lakini ikikaa bila paa, mvua inaosha udongo kati ya matofali, ukuta unabaki na matofali mazima na hakuna kinachoyashika.

Hapo naomba nikae kidogo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, na Bukoba ikaona nyumba zikipasuka na kuanguka. Kuta zilizojengewa kwa udongo, zisizofungwa juu, ndizo dhaifu kabisa kwa mtikisiko wa namna hiyo: kila ukuta unacheza ngoma yake. Linta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima, ndani na nje, inazishika zicheze pamoja. Kuna mafundi wanaoweka linta juu ya milango na madirisha tu ili kuokoa nondo. Usikubali, kwa tofali lolote lile. Usikubali zaidi Mafinga, maana bonde la ufa halijalala.

Na kuni. Tanuru moja linakula miti ambayo hukuipanda. Mbeya na mabonde ya mpunga wapo wanaochoma kwa pumba, na Mafinga kuna mabanzi ya viwanda vya mbao kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill. Muulize muuzaji anachoma na nini. Akinyooshea kidole msitu wa kijiji, utafute mwingine.

Fito na udongo, na jiwe la pwani

Nikilitaja hili watu hucheka. Nyumba tuliyokulia ilikuwa na nguzo za miti, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa pande zote, makuti juu, baraza mbele. Saa nane mchana ulikuwa unaingia ndani kama unaingia kisimani. Hakuna ukuta wa bloku niliowahi kulala ukanipa usingizi ule. Ila kila baada ya masika ilikuwa zamu yetu kukandika upya, na mchwa walikuwa wanakula nguzo kutoka chini, kimyakimya, mpaka siku mlango ulipogoma kufunga.

Kinachoiua ni maji ya chini na mchwa. Ukiipa msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi kama futi moja na nusu, paa likatoka nje vya kutosha na nguzo zikatiwa dawa, inadumu miaka mingi. Ningeijenga kesho kama jiko la nje, banda la kufikia shambani, chumba cha mzee asiyependa feni. Nyumba ya kuombea mkopo au kupangisha mjini, hapana. Benki na mpangaji hawatakuelewa.

Wagogo walikuwa na jibu lao, tembe: kuta fupi za miti na udongo, na paa bapa la udongo vilevile. Dodoma mvua ni chache na upepo ni mwingi, kwa hiyo inafaa. Ilete Tanga uone.

Jiwe la matumbawe nalitaja kwa heshima tu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, na Mji Mkongwe na Lamu bado zimesimama kwa jiwe na chokaa. Kuta zake ni nene karibu nusu mita, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana: haivuki mita tatu kwa raha. Mwenye nyumba ya namna hiyo ajue jambo moja: asiizibe kwa plasta ya saruji. Chokaa inaachia unyevu utoke, saruji inaufungia ndani, ukuta unaoza ukiwa umependeza. Na jiwe si kinga ya kutotunzwa. Beit al Ajaib ya Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883 zama za Sultani Barghash, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati.

Kuna rafiki yake mpwa wangu alimshauri konteina. Upana wa ndani ni mita 2.35, mwembamba kuliko chumba cha Lamu, na kuta ni chuma. Kwa Kibaha hiyo ni tanuri yenye mlango. Duka, sawa.

Basi achukue lipi?

Nilimuuliza maswali matatu. Paa lina fedha yake tayari? Akasema Kibaha hapana, watapaua mwakani Mungu akipenda. Mafinga ndiyo, baba mkwe ana mbao na mabati ghalani. Udongo wa kiwanja ukoje? Hajui. Maji ya kujengea yatatoka wapi? Kibaha kuna kisima cha jirani, "ila ya chumvichumvi."

Mafinga sikuwa na ubishi. Matofali ya kuchoma, yaliyochaguliwa tanuruni, yajengewe kwa saruji, linta izunguke yote, na apaue mwaka huohuo. Nje asipige plasta kama matofali yameiva, ajaze viungo tu. Kwenye jedwali hiyo ni mifuko kumi imebaki mkononi. Ndani apige, baridi ya kule inapita kwenye kila ufa.

Kibaha nilimwambia ajaze chupa kwanza. Siku ya pili akanitumia picha: mchanga umepanda karibu chupa nzima, juu yake utando mwembamba wa mfinyanzi kama cream ya maziwa. Angeweza kununua udongo mwekundu, tripu kwa tripu, akauchanganye, lakini hapo anakuwa amenunua kila kitu na boma bado litanyeshewa mwaka mzima. Nikamwambia bloku, ya inchi 6, ifyatuliwe palepale mbele ya macho ya mtu wake, na ule mchanga wa kiwanjani asiutumie mpaka fundi auoshe na kuona unaacha tope kiasi gani.

"Na kisima je, mjomba?"

Kisima akiache. Maji ya chumvi yanakula nondo za linta taratibu na kuifanya plasta itoe unga mweupe chini ya ukuta kila masika. Anunue boza, ajaze tangi, ndipo amwite mfyatuaji.